Printa ya Mjomba na Kompyuta Isiyo na Tundu

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba kanunua kompyuta mpya ya duka lake la kuchapisha. Nyembamba kama sinia. Ile ya zamani ilikufa wiki jana, hakuna aliyelia. Sasa anataka mpya izungumze na Bibi Kizee – printa yake ya ramani, ndefu kama kitanda, inayomeza karatasi ya roli na kukohoa. Waya wa Bibi una kichwa kipana chenye meno. Kompyuta ina vitundu viwili vya kupitisha sindano! Mjomba kazunguka nyuma, anapapasa, eti labda tundu limefichwa. Mtu mzima!

Nikamwambia: Mjomba niachie, chai yako haitapoa.

Baba alikuwepo, kaleta flashi yenye ramani ya zahanati inayojengwa. Ndiye msimamizi wa mafundi kule. Kacheka kwa pua. Kasema nikishindwa, wiki ijayo narudi saiti kukoroga zege. Mimi! Kwa mikono hii!

Chai ilipoa.

Jumanne, 4 Machi

Mjomba hana imani. Kaita fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Injinia kwa sababu ya tai. Kaja na adapta: huku meno, huku USB. Kachomeka. Bibi kaamka, katapika mita nzima ya vinyota na herufi za kichawi. Injinia kasema lugha hawaelewani, inatakiwa draiva, programu ya kuwatafsiria, na ya Bibi haitengenezwi tena. Kwa hiyo? Kwa hiyo mnunue printa mpya. Ushauri huo hata mbuzi wa jirani angeutoa, tena bila tai.

Adapta kaiacha. Vizuri. Wenye akili tuendelee.

Jumatano, 5 Machi

NIMEWEZA! Draiva ya Bibi haipo, lakini ya mdogo wake ipo – toleo lililomfuata. Nikaidanganya kompyuta kwamba Bibi ndiye huyo mdogo mtu. Ikakubali, zuzu kama wenye nayo!

Mistari safi, mpaka Mjomba kapiga makofi. Kasoro moja: ukingo wa kulia unakatika, ukuta wa wodi haupo. Kuna kisanduku cha kufinya mchoro uenee kwenye karatasi. Nikakitiki. Ukaingia wote! Nikatoa nakala mbili, ya Baba na ya kujitambia ukutani.

Nikampigia Injinia nimringie. Kasema, "Dogo, angalia skeli hapo." Wivu huo. Nikakata.

Alhamisi, 6 Machi

Baba kachukua ramani. Hakusema asante, kasema "haya". Kwake hiyo ni hotuba. Kaikunjua mezani, katoa rula yake iliyolika pembe. Vipimo vimeandikwa pale pale, hasomi! Tarakimu ndogo hazioni, na miwani eti ni ya makarani. Anaweka rula kwenye mstari, anazidisha kichwani kwa skeli, kila sentimita mita moja, basi. Kasema mchoraji anaweza kukosea namba, ila mstari haudanganyi. Ushamba mtupu.

Zege? Kakoroge wewe.

Jumamosi, 8 Machi

Mjomba kaniita profesa mbele ya wateja. Kichwa kikavimba. Nikataka kuwaonyesha nilivyouokoa ule ukuta: nikachukua karatasi ya kwanza, iliyokatika, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, ile nzuri juu yake.

Mistari haikulaliana.

Mlango wa wodi kwenye ile nzuri ni mwembamba kidogo. Punje ya mchele tu. Lakini punje hiyo ukiizidisha kama anavyozidisha Baba – kitanda cha mgonjwa hakipiti. Na kila chumba hivyo hivyo. Jengo zima limesinyaa.

Wateja wakauliza tuone nini. Nikasema dirisha chafu.

Baba akapiga simu toka saiti. Anacheka! Kasema mitaro yote ya msingi imenyooka, wanaanza kumwaga zege. "Karatasi yako imetulia, mwanangu." Mwanangu! Hajawahi. Nikasema, "Baba, ngoja –" Akasema sema upesi, zege halingoji mtu. Nikasema mtandao mbovu. Nikakata.

Anapiga tena. Simu inatembea mezani kama mende. Mjomba kapaza sauti toka mlangoni: "We profesa, huoni baba yako anapiga? Pokea!"

Naona. Labda ile iliyokatika ndiyo mbaya. Labda karatasi ilivutika. Rula yangu ya shule iko wapi? Napima tena kwanza, halafu