Kiti Kilichovishwa Fulana

Melini, Bahari ya Mediterania

Kaka yangu Ottavio,

Sote tu wazima, isipokuwa Shangazi Filomena aliyevimbiwa na bado anakula. Ukoo mzima tunavaa fulana nyekundu zenye jina letu mgongoni, na abiria wengine wanadhani mji wetu wa Providence umeleta timu ya mpira.

Jana jua likizama tulipita Stromboli, kisiwa chenye mlima wa volkano alikozaliwa babu. Mlima ulinguruma, ukatema moto juu angani, kisha mawe mekundu yakaporomoka hadi baharini. Unawajua watu wetu, hawanyamazi hata kanisani. Wote kimya! Shangazi aliacha kutafuna. Mimi mwili ulinisisimka hadi machozi yakanitoka.

Kando ya Baba palikuwa na kiti kitupu, amekivisha fulana. Abiria mmoja akaja kukiomba.

"Kina mwenyewe," Baba akamkatalia.

"Mwenyewe yupi, na miaka yote hii humsemeshi?" Shangazi akamchokoza.

"We kula," Baba akasema, macho kule kwenye moto. Kisha, polepole: "Laiti angeuona huu, mjinga yule."

Baadaye niliikunja ile fulana. Ni saizi ya yule kijana mwembamba kama tambi aliyeondoka nyumbani kwa hasira. Kwa picha zako za sasa, Kaka, haitakuingia hata mkononi.

Basi niandikie saizi yako. Ninayeuliza ni mimi, si Baba. Amesema nikuandikie hivyo.

Dada yako,
Rosalba