Asali Iliyokuwa Kwenye Pipa

Jumapili, 17 Agosti 2025

Baridi. Ukungu haukuondoka hapa Nunguni hata baada ya ibada. Jioni Kivuva alifika na chupa imefungwa kwa gazeti. Jumamosi ndiyo siku yake ya kuleta mbuzi wa ntheo, wale wa posa, kwa ajili ya binti yangu Kasiva, na kaka yangu Ndululu alishasema: bila kinywaji cha asali hakuna mazungumzo, wageni watarudi kwao Kabati na mbuzi wao. Kivuva amezunguka Kitui yote akiitafuta asali. Nyuki wamehama, mizinga ni mitupu. Kilichobaki sokoni ni pombe ya sukari, na hiyo Ndululu huijua hata kabla haijamiminwa.

Ndiyo akaleta hii. Wiski ya Amerika, inaitwa bourbon. Yeye anafanya kazi kwenye baa ya hoteli huko Kitui, mgeni mmoja alimwachia. Alinisomea maandishi: imekaa miaka kwenye pipa la mti, halafu ikamaliziwa kwa miezi kadhaa ndani ya pipa lingine lililokuwa limebeba asali.

Nikauliza imetengenezwa na nini.

"Mahindi, Baba."

Mahindi! Kasiva alicheka hadi akaketi. "Basi ni chang'aa iliyoenda shule."

Nimeiweka kabatini, nyuma ya sahani za marehemu mke wangu Mbinya. Angekuwepo angeifungua palepale ainuse. Alinusa kila kitu — maziwa, sweta za shule, hata Biblia mpya. Oktoba atatimiza mwaka tangu tumzike.

Jumanne, 19 Agosti

Nilipanda kwa Ndululu nimweleze mapema. Sikutaka ashtuke mbele ya wageni. Hakukasirika. Alisema asali ni asali, hata ikitoka kwa wazungu. Lakini hataamua peke yake. Baba ya msichana aonje pia, aseme mbele ya watu wote kama asali ipo. Ikiwapo, tuendelee. Isipokuwapo, waje mwaka ujao mizinga ikijaa.

Nikamkumbusha nimeokoka, sijagusa pombe tangu 1998.

"Kwani nimekwambia ulewe?"

Mwaka ujao! Kivuva anahamishiwa Mombasa mwezi ujao. Kasiva ameapa hatamfuata kama hakuna mbuzi aliyefika nyumbani kwao. Na mapenzi ya simu nayo, nimeona yakiisha hapa kwa majirani.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeonja. Niliomba kwanza, halafu kijiko kimoja.

Moto! Machozi yalitoka. Nikakohoa mpaka kuku wakakimbia. Asali? Hakuna. Mbao na moto tu.

Nikampigia Kivuva. Alicheka kwa heshima. Akauliza kama nimeimeza kama dawa ya kikohozi. Nikasema ndiyo. Akanifundisha: imwage kidogo kwa glasi, weka matone ya maji, uiache ipumue. Usikimbie kunywa. Nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo.

Alhamisi, 21 Agosti

Kavindu, mdogo wake Mbinya, amefika kutoka Mukuyuni kusaidia kupika. Kabla hajafungua mzigo alitaka kuiona hiyo chupa. Akaonja. Akafunga macho.

"Shemeji, hapa kuna mbao, kuna sukari iliyoungua, kuna hasira. Asali siioni."

Nikamuuliza, na wewe si umeokoka? Akasema kuonja si kunywa. Akajimiminia tena, eti anahakikisha. Mara ya tatu nikaificha chupa.

Nilifanya vile Kivuva alisema. Matone ya maji, nikaifunika glasi kwa sahani, nikaenda kukamua ng'ombe. Niliporudi nikanusa. Kwanza ilikuja harufu ya keki ya harusi. Kisha ndizi iliyoiva sana. Kisha madawati mapya, kama siku ile tuliyoyapeleka shuleni kwa mkokoteni, mimi na Mbinya, rangi ikitunukia njia nzima. Mdomoni utamu kidogo, halafu pilipili. Nikangoja. Na mwisho kabisa, nyuma ya koo, kitu kingine. Kifupi. Niliifuata ile ladha kwa ulimi, ikapotea.

Nikarudia. Nikaijua.

Ni harufu ya mzinga baada ya asali kutolewa. Nta, moshi, na mahali palipokuwa na utamu.

Sasa hiyo ni nini? Si asali. Lakini siwezi kusema asali haikukaa pale. Ndululu atataka ndiyo au hapana. Huyo hapendi maelezo.

Ijumaa, 22 Agosti

Mchele tumechambua. Sufuria tumeazima kanisani. Asubuhi nimeonja tena — sikuisikia! Labda ni vitunguu nilivyokuwa nimekula. Labda jana nilitaka tu iwepo.

Kasiva amepiga pasi nguo yake ya kijani na kuitundika mlangoni. Alikuwa anaimba. Sijamwambia kitu.

Jumamosi, 23 Agosti

Niko chumbani. Naandika ili nipange la kusema.

Wamefika. Mbuzi watatu, wazuri. Mama yake Kivuva amevaa kitambaa cheupe, hajala kitu. Maombi yakaisha, chupa ikafunguliwa, Ndululu akamiminiwa wa kwanza. Akanywa. Uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa. Watu wote wakimtazama.

"Mimi nimeonja," akasema. "Sasa ni Musyimi."

Nikasema ngoja nichukue koti, baridi imezidi. Mzee mmoja wa Kabati akapaza sauti, "Anaenda kuomba ruhusa kwa pasta!" Wakacheka. Nikaingia na glasi yangu mkononi.

Kasiva alinifuata. "Baba, si useme tu ipo? Nani atajua?" Hakulia. Hajawahi kuniomba nidanganye, hata alipovunja kioo cha mwalimu. Akasimama hapo hapo, akikunja na kukunjua pindo la ile nguo.

Halafu Ndululu mwenyewe akaingia. Akamwomba Kasiva atupishe, akafunga mlango. Akaongea polepole, kwa Kikamba, kama tulivyoongea tukiwa wadogo. Tangu ile homa ya Desemba hasikii ladha. Chai, chumvi, nyama, yote ni maji ya moto. Hajamwambia mtu, hata mke wake. Wiski hii pia, ameimeza tu. Anasema ndiyo maana alinitaka mimi.

Nikamuuliza, na nikikosea?

"Utakosea wewe. Hutanidanganya."

Akajipangusa mdomo, akatoka. Namsikia huko nje: "Nyamazeni! Neno la ndugu yangu ndilo langu."

Nimeweka matone ya maji. Nimenusa mara mbili. Ipo — ile ya nyuma, ya mzinga mtupu. Leo ipo. Au ni kwa sababu Kasiva aliniomba? Yule wa pekee ambaye angenisahihisha hawezi kuonja.

Kasiva amerudi. Amelishika koti langu wazi, anangoja nitie mikono —