Dakika Kumi na Moja

4 Februari

Kaka,

Hujambo huko gereji? Mgongo umepona, au bado unalala chini ya magari ya watu ukijifanya kijana? Mimi sijambo. Sare za shule ni nyingi mwezi huu, cherehani haipoi.

Shemeji yako ameamua kuninunulia gari. Yapo mawili. Moja kuukuu, jeupe, redio yake inameza kanda. Jingine lina kioo katikati kinachoungana na simu: kinapokea simu, kinasoma meseji kwa sauti, kinaonyesha njia. Amesema nichague mwenyewe, huku picha ya hilo la pili ameshaibandika kwenye friji. Wewe ndiye fundi. Hicho kioo kina maana, au ni pambo tu? Mimi nataka lile jeupe. Nipe sababu ya kifundi niiseme kama yangu.

Usinipigie. Jioni simu yangu hukaa mezani kwake. Andika kwa anwani ya karakana yetu ya ushonaji. Bosi wetu, yule tunayemwita Mama Kibiriti kwa hasira zake, atanipa mkononi.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Mgongo unauma lakini mdomo mzima. Nawe na barua zako! Mtu ana simu ya maana, anaandika kama bibi yetu.

Sasa msikilize fundi. Chukua la kioo. Magari kama lile jeupe nayajua, giaboksi zake zinalia, litakuzeesha. Hilo jingine mikono inabaki kwenye usukani na macho barabarani. Juzi shemeji alinipigia kuniuliza, nikalisifia mpaka mate yakanikauka. Hata nikamfundisha asilolijua: gari hilo hutunza kumbukumbu ya kila mahali lilipopita na liliposimama, na linaweza kumtumia yote kwenye simu yake. Alifurahi mno. Na akichungulia simu yako mwache, ataona picha za vitambaa.

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Natumai u mzima. Mimi nakula, nalala, ndiyo afya yenyewe.

Gari lilikuja. Jumanne moja nikitoka kazini nilisimama kando ya ukuta wa shule. Sikuwa na sababu. Nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna anayeniuliza kitu. Wakati wa chakula akaweka kijiko chini: "Dakika kumi na moja pale ukutani, ulikuwa na nani?" Nikasema peke yangu. Akacheka. Sasa nikikwama kwenye foleni nahesabu dakika.

Halafu Jumamosi, tukiwa wote garini, ukatuma meseji. Gari likaisoma kwa sauti yake ya mtangazaji: "Mdogo wangu, barua yangu ya karakana ilifika? Mbona kimya?" Tulipofika tu nyumbani akaanza maswali. Tangu hapo ni kila siku: barua gani, ngapi, zinasema nini. Mwezi wa tano anataka niache kazi, niwe nashonea nyumbani.

Kaka, nimenaswa. Nakuuliza tena swali langu la kwanza: kina maana au hakina?

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina mzaha. Kina maana. Ningekuuliza kwa nini unalitaka lile jeupe, nisingempa shemeji kamba ya kukufungia. Nilisifia chombo nikamsahau atakayekaa ndani yake. Nisamehe. Naona aibu hata kushika spana.

Usichomoe wala usizime chochote garini, atapata taarifa palepale. Fanya hivi: sevisi ya kwanza imekaribia, na nimemwambia shemeji gari lije kwangu Jumamosi, tarehe 20. Lilete wewe. Simu yako iache humo ndani. Litamwambia liko kwa kaka yako, na litakuwa linasema kweli. Uani nina pikapu isiyo hata na redio. Hiyo ni yako, uende nayo utakako.

Kaka yako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Hii naipeleka kwa Mama Kibiriti. Sijui kama itakufikia, wala sijui kama u mzima.

Jana saa nne asubuhi gari liliingia uani. Nikatoka mbio, nikamkuta shemeji peke yake kwenye usukani. Akasema kichwa kinakuuma, amekufungia mlango upumzike vizuri. Nilitaka kumshika shingo. Nikafungua buti ili nisimtazame usoni, na chini ya tairi la akiba nikaona simu yako, imezimwa, imeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare.

Nikajua hujalala, unaondoka. Basi nikamwambia breki hizi si za kuendea popote. Nikafungua magurudumu yote manne. Nikanywa chai. Nikatafuta bolti niliyokuwa nimeikalia. Yeye alikaa kwenye benchi na simu yake, ikimwonyesha gari liko pale pale alipo. Aliondoka saa kumi na moja jioni.

Leo amenipigia mara tisa. Namwambia sijui uko wapi, na ni kweli sijui. Niandikie hata mstari mmoja.

Kaka yako

9 Mei

Kaka,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii namaanisha.

Ijumaa ile aliposema gari atalipeleka mwenyewe, nilihesabu: saa mbili za kwenda, saa mbili za kurudi, na katikati yake upo wewe. Alipolala nikaificha simu kwenye buti, uione wewe. Ufunguo wa akiba wa mlango niliushona kwenye pindo la pazia tangu siku ya ukuta wa shule. Nikafumua, nikafungua, nikatoka na mkasi wangu na viatu vya kutembelea. Sasa nashona kwa mdogo wake Mama Kibiriti, mahali ambapo hata kwako sitapaandika. Bado nikisikia gari linapunguza mwendo nyuma yangu, naingia duka lolote lililo karibu.

Pikapu nitunzie. Usiiwekee kioo wala redio.

Jana nikitoka kazini nilisimama njiani. Hakukuwa na cha kutazama, ukuta tu. Nikasimama mpaka nikachoka, nikarudi chumbani. Sijui zilikuwa dakika ngapi.

Mdogo wako