Utafiti Wangu, Jina Lake

Jumatano, Waberi, Garissa. Jua limechoma tangu asubuhi na upepo hauleti kitu ila vumbi. Nimefunga dirisha. Sitaki kuonana na mtu.

Jana mkutubi alitufundisha sisi wa mwaka wa mwisho wa shahada kutafuta makala za majarida kupitia mtandao wa maktaba ya chuo. Unaingia kwa namba yako ya usajili, unaandika maneno machache ya mada yako, kisha unachagua zile zinazosomeka mwanzo hadi mwisho. Nilifurahi sana. Siku zote nimekuwa nikikutana na tovuti zinazokuonjesha muhtasari halafu zinakufungia mlango.

Nikaandika: wanawake, maziwa ya ngamia, Garissa.

Zikaja nyingi za nchi jirani. Katikati yake ikatokea moja yenye jina la msimamizi wangu. Wallahi nilitabasamu. Nikajisemea, mtu huyu ana unyenyekevu, hata hajatuambia kwamba ameandika.

Nikaifungua. Sikufika mbali nikakutana na habaryar Mumina, mdogo wake mama, anayeuza maziwa soko la Iftin. Maneno yake yalikuwa pale kwa Kiingereza: maziwa ya ngamia hayamngoji mtu, jua likikutangulia sokoni umeyamwaga.

Maneno hayo aliniambia mimi, nikiwa nimekalia dumu tupu kando yake, wakati wa utafiti wangu wa diploma. Mimi ndiye niliyeyatoa kwenye Kisomali. Wanawake wote niliowahoji wamo. Hata kosa langu limo. Jina la mti wa kufukizia madumu ili maziwa yasiharibike haraka nililikosea, habaryar akanicheka baadaye, nami sikuwahi kulirekebisha.

Jina langu halimo. Hata kwenye shukrani.

Nilimtumia msimamizi kazi ile yote kwa barua pepe mimi mwenyewe, aniangalizie makosa. Ni yeye aliyetufundisha kwamba ukichukua neno la mtu, umtaje. Na ndiye anayesimamia mradi wangu wa sasa. Akitaka nisihitimu, ataweza.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini kwake. Nilitaraji akane, au akasirike. Alinikaribisha kiti. Akasema diploma ni mazoezi tu, kwamba yeye ndiye aliyeipa kazi ile umbo, na kwamba huku kwetu wasomi hukua hivyo, mmoja akimbeba mwenzake. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Fardosa, wewe ni binti yangu. Makala ijayo tutaweka jina lako."

Nilisema asante.

Ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilisema asante, nikafunga mlango taratibu.

Kutoka pale nilipitia sokoni. Nilimweleza habaryar kilichotokea, nikamsomea maneno yake kwenye simu, nikiyarudisha kwa Kisomali. Alisikiliza huku akimpimia mteja maziwa. Mteja alipoondoka akauliza jambo moja tu. "Mimi nilikuambia wewe. Huyo nilimwambia lini?"

Wanawake wale walinifungulia vinywa kwa sababu mimi ni mtoto wao. Wapo walionieleza habari za waume zao. Sasa mambo hayo yanasomwa na watu wasiowajua, na aliyeyapeleka huko hajawahi hata kuwasalimu.

Baada ya swala ya adhuhuri nilirudi maktaba. Mkutubi alinionyesha mahali pa kumwandikia mhariri wa jarida. Akaniuliza kama nina uhakika, kwa maana anamjua msimamizi wangu. Nikasema ninao. Nimeambatisha utafiti wangu na ile barua pepe niliyomtumia, nikamnakilia mkuu wa idara, nikabonyeza.

Hakuna aliyejibu bado. Hofu haijanitoka.

Kesho asubuhi ana kipindi nasi. Nitaingia. Nitaketi mbele, pale pale ninapoketi kila siku. Akitafuta mtu wa kumfutia ubao, kama nilivyozoea kumfutia, asinitazame mimi.