Tangazo Alilolitafuta Chausiku

Mjomba Kibwana,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mtoto anaota meno, sijalala.

Ule ujumbe ulionitumia, kwamba mnunuzi mmoja amekuambia serikali itachukua mashamba ya huku Mkuyuni hivyo tuliuze letu haraka, nilimwonyesha mdogo wangu Chausiku, anayesoma chuo Mazimbu. Akacheka: "Dada, kwenye simu kila mtu anaandika lake!" Mjomba, ungemwona! Akaziruka kurasa za watu, akaingia tovuti ya wizara ya ardhi yenyewe, akasoma matangazo yote. Mkuyuni haimo. Hakutosheka, akauliza na ofisi ya kijiji. Hawana habari hiyo.

Shamba la ukoo umekabidhiwa wewe, nami nakuheshimu. Lakini ni la mama zetu, hatuuzi. Huyo mnunuzi aliyekuletea habari, mwambie atuonyeshe tangazo lake.

Mpwa wako akupendaye,
Mwanahawa