Ufagio Nimeutuma

Mjukuu wangu Sabra,

Salamu zako zimefika. Hapa Dubai, mtaani Mankhool, hatujambo, ila kiyoyozi kinakoroma kumshinda ami yako.

Unaniambia wenzako wa chuo wanapanga kuzunguka na gari kwenye hifadhi za jangwani huko Marekani, mlale kwenye mahema, tena kiangazi! Huku kwetu jangwani watu huenda wakati wa baridi. Lakini ulichoniuliza si joto. Umeuliza utapataje usingizi mahali pasipo mlango wala ukuta, au ujitoe tu.

Nilipoletwa Dubai, bi harusi mpya, marehemu babu yako alinipeleka kulala jangwani. Ya usiku ule tuyaache, sikupata hata lepe la usingizi. Asubuhi nikachukua ufagio wa chelewa niliokuja nao kutoka Unguja, nikafagia mbele ya hema kama nilivyokuwa nikifagia uani kwetu. Babu yako akacheka mpaka chai ikamwagika.

"We Salma, unafagia mchanga? Utamaliza lini?"

Nikaendelea kufagia. Akaenda kutafuta kuni. Aliporudi, alifika pale nilipoishia kufagia, akasimama, akavua viatu, ndipo akapita. Nadhani mwenyewe hata hakujua kama amevivua. Mchana ule nililala fofofo.

Basi nenda, mama. Maji mbebe mengi. Ufagio nimempa shangazi yako, anakuja huko mwezi huu. Wenzako wakicheka, waache wacheke. Wewe angalia tu nani atakuwa wa kwanza kuvua viatu.

Bibi yako,
Salma