Nimeifumua Shukrani Yangu kwa Mkono Wangu

Mpendwa Shangazi Béata,

Naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, na unisamehe kwa maneno mengi, maana nikianza jambo hili siwezi kulisema kwa kifupi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Rubona, mume wangu Eliezer ni mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, na kwanza kabisa nataka kumshukuru Mungu kwa sababu huyo Eliezer yupo, anakula, anakoroma, ananung'unika chumvi ikizidi, na mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa karibu kumzika.

Wavuvi wetu hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na hupiga kasia wakiimba, kwa sababu ndivyo mikono yao inavyokwenda sawa. Asubuhi ile walikuwa wanarudi, upepo ukavunja miti, mitumbwi ikatengana, Eliezer akaanguka majini akabaki ameshika kipande cha mti, na ukungu ulikuwa mzito hata wenzake wasimwone, basi akafanya kitu kimoja tu alichokijua, akaimba ule wimbo wa kasia, akaimba mpaka sauti ikakwaruza, na wenzake wakaifuata sauti hiyo mpaka wakamkuta. Yooo, Shangazi, hata sasa ninapoandika nalia, lakini ni machozi ya furaha.

Nikaweka nadhiri kwamba siku ya kutoa ishimwe, pale mtu anaposimama mbele ya kanisa na kueleza Mungu alichomtendea, nitapeleka kitambaa nilichokitarizi mwenyewe, cha kutundikwa ukutani. Kazi hiyo nilifundishwa na mama yangu, sina nyingine ninayoijua vizuri. Nikatarizi mitumbwi mitatu, mawimbi, na wanaume wote midomo wazi, wanaimba. Nilipokuwa nashona nilikuwa naomba, na nilijisikia kama Mungu amekaa kwenye kiti cha pembeni yangu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kazi haijaisha, nikaipiga picha nikaiweka kwenye status ya WhatsApp, nikawa nachungulia simu kila dakika nione nani ameona na nani amenyamaza, na wengi walinyamaza, basi nikakikunja kitambaa nikaanza kukizungusha kwa watu. Donatille, kiongozi wa akina mama kanisani, akaniambia, "Mama Munezero, hawa watu iko naimba ama iko nalewa? Mu kanisa midomo wazi hivi haiko muzuri." Nikarudi nyumbani nikaifumua midomo yote, nikaifunga. Jean-Luc, mwalimu wa kwaya, akasema, "Bon, kazi ni muzuri, lakini toa makasia, weka Biblia mu mikono yao, donc watu wajue ni wakristo." Nikafumua makasia, nikaweka Biblia. Jirani yangu Joanita akasema mawimbi yanamtia hofu, nikayatuliza. Kila nilipofumua walinisifu, na sitakuficha, sifa zile zilikuwa tamu.

Juzi Eliezer akakitazama kwa muda, halafu akasema, "Languida, hapa si sisi. Nani anavuka ziwa na Biblia bila kasia? Tena hawa iko kimya. Mi ningenyamaza siku ile, leo we ungekuwa mujane." Hakukasirika, alitoka tu akaenda kushona nyavu zake. Sasa kitambaa kina matundu ya sindano kila mahali, Jumapili ndiyo siku yangu, nikirudisha midomo wazi Donatille ataona nimemdharau mbele ya akina mama wote, na nikikipeleka kilivyo nitasimama mbele za Mungu na uongo mkononi. Nifanye nini?

Languida, Rubona

*

Languida, mama Munezero,

Mungu apewe sifa kwa ajili ya mume anayekoroma! Wako wanawake wanaosoma barua yako ambao wangetoa vyote walivyo navyo wausikie mkoromo huo tena. Naona wewe unalijua hilo, ndiyo maana nimekupenda tangu mstari wa kwanza. Sasa kaa nikugombeze.

Ni nani aliyemwokoa Eliezer, kamati ya akina mama? Nadhiri umeiweka kwa Mungu, kisha ukampelekea Donatille aisahihishe kama daftari la mtoto wa shule. Mwenyewe unasema Mungu alikuwa amekaa pembeni yako. Kwenye simu ulikuwa unamtafuta nani tena? Soma kitabu cha Kutoka, utamkuta Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya mikono, kutarizi kukiwemo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alizunguka hema kwa hema akiuliza kama wameipenda.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wewe ulijitafutia watatu, na hata mmoja wao hakuwemo majini siku ile.

Lakini usimchukie Donatille. Ulimuuliza, akajibu, kosa kubwa ni lako. Ukitaka kujua kama picha yako ni ya kweli, muulize aliyeshika ule mti, naye ameshakujibu. Ukitaka kujua kama watu wameipenda, utauliza mpaka uzeeke na kitambaa kiishe.

Basi leo hii shika mkasi. Fumua zile Biblia, wala usiogope, kufumua Biblia ya uzi si kumkana Kristo. Rudisha makasia, rudisha mawimbi, fungua midomo ya wanaume hao. Tumia uzi mnene kidogo ufunike matundu, na yatakayobaki yaache yaonekane. Simu ifungie kabatini mpaka Jumapili. Usimwonyeshe mtu yeyote, hata Eliezer. Jumamosi nenda kwa Donatille, msalimie vizuri, mwambie umekirudisha kitambaa kama Mungu alivyokutendea, na umwombe akae mbele siku hiyo. Usimwombe ruhusa.

Jumapili simama, litaje jina la mume wako, eleza ukungu, eleza wimbo, kisha wakitundike. Pengine watapiga vigelegele, pengine watakohoa tu. Usigeuke kuwahesabu. Sema amina, halafu ukae chini kando ya mume wako aliye hai.

Shangazi Béata